Garissa si Ushahidi wa Riwaya

Wapo wahakiki wanaodai kwamba kuzuru mandhari halisi ya riwaya ni kuuthibitisha ukweli wake. Dai hili ni potofu. Katika *The Camel Bookmobile* (2007), Masha Hamilton anamtoa mkutubi wa Kimarekani New York, anamfikisha Garissa, kisha Mididima, kijiji cha kubuni. Mzuru hatakiona kijiji hicho. Atakachokuta Garissa ni historia nyingine: mwaka 1996, miaka 11 kabla ya riwaya, shirika la maktaba za taifa la Kenya lilianza kuwapelekea wafugaji wahamaji vitabu kwa ngamia. Halikumngoja mgeni. Basi ziara ina faida moja: kuihoji riwaya kwa nini mhusika mkuu si mkutubi wa Garissa.