Tatizo si Linux, ni amri za kunakili!

Leo nina hasira kidogo, mniwie radhi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani, karibu na Litein. Mama mmoja mwenye duka la pembejeo akaniita. Printa yake ya risiti ilikuwa imenyamaza siku nne. Wakulima wa chai huchukua mbolea kwake kwa mkopo, na risiti ndiyo ushahidi wa pande zote mbili. Sasa alikuwa anaandika kwa mkono, na watu wawili tayari walikuwa wamebishana naye juu ya hesabu. Fundi alikuja akatoa hukumu: "Linux haiwezani na printa. Tuweke Windows." Bei shilingi elfu tatu, na Windows yenyewe haina leseni!

Jamani, printa hiyo hiyo ilikuwa ikifanya kazi wiki iliyotangulia.

Nilianza na lsusb. Printa ilionekana, kwa hivyo waya ni mzima. Nikaangalia ndani ya /dev/usb: hakuna lp0. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu programu ya duka haipitii CUPS. Inaandika moja kwa moja kwenye /dev/usb/lp0, na faili hiyo huletwa na moduli ya keneli iitwayo usblp. Nikaandika lsmod | grep usblp. Kimya. Kisha grep -r usblp /etc/modprobe.d/ na mwizi akashikwa:

blacklist usblp

Nani aliuweka mstari huu? Fundi yule yule! Alipokuwa akiunganisha printa ya pili, ya karatasi za A4, alikwama, akapata ushauri mtandaoni, akaunakili. Kompyuta ilipowashwa upya, printa ya risiti ikafa.

Ushauri wenyewe si uongo, umezeeka tu. Mwaka 2009 CUPS 1.4 ilianza kuzungumza na printa za USB kupitia libusb, ikawa inagombania kifaa kimoja na usblp. Kuizuia moduli ilikuwa dawa. Matoleo ya baadaye yalijifunza kuisogeza moduli kando na kuirudisha kazi ikiisha. Ugonjwa ulipona, dawa bado inanywewa.

Niliweka # mbele ya mstari ule, nikaandika sudo modprobe usblp, na risiti ikatoka. Dakika kumi. Mjue pia kwamba blacklist huzuia moduli kujipakia yenyewe tu. Ukiiita kwa jina, inakuja. Ndiyo maana modprobe peke yake ingeonekana kutibu, halafu kesho yake shida inarudi.

Mtasema fundi naye anatafuta unga. Sawa, hata mimi. Lakini mchumaji wa chai hufundishwa siku ya kwanza: majani mawili na chipukizi. Anayekwangua kila kitu, majani yake hukataliwa kwenye kituo. Mbona sisi wa kompyuta tunakwangua amri bila kuchagua, kisha lawama tunaibebesha Linux na gharama tunamwachia mama wa duka?

Kabla ya kubonyeza Enter, jua amri inafanya nini na iliandikwa mwaka gani. Ukibadilisha faili, andika juu yake tarehe na sababu. Kama huwezi hayo, mwambie mteja ukweli: "Sijui." Neno hilo ni la bure, na halihitaji leseni.