UCHAMBUZI: Mgeni ajaye kulea watoto wetu Kibomet, tumpe jembe gani?

KILA mwaka ifikapo Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa kwa likizo ndefu, vijana wa kigeni wenye mikoba mikubwa mgongoni huanza kuonekana katika mji wa Kitale. Baadhi yao hawaji kutazama wanyama wala kupanda Mlima Elgon. Huja kujitolea kufanya kazi na watoto katika makao na shule za vitongoji vya mji huo, Kibomet kikiwa kimojawapo.

Wengi wao huja kwa nia njema. Hata hivyo, nia njema pekee haimlei mtoto, na kuna swali ambalo sisi wenyeji hatujalijibu barabara: mgeni huyu akishafika, atafanya kazi gani, kwa muda gani, na chini ya usimamizi wa nani?

Siku za kwanza huwa na mitihani yake. Aliyetarajia jua kali hukutana na baridi, kwa kuwa Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai na Agosti ni miezi ya mvua. Njia za udongo hugeuka tope, mahindi mashambani huwa yamepita kimo cha mtu, na maji ya kuoga hutiwa katika karai. Kwa juma moja au mawili, mgeni huyazoea hayo yote, pamoja na ugali na sukumawiki.

Kisichozoeleka upesi ni lugha. Trans Nzoia ina watu wa jamii nyingi, wakiwemo Wabukusu, Wasabaot, Waturkana na Wakikuyu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watoto wao mchezoni. Mgeni asiyekijua husikia kelele za furaha tu. Hamsikii mtoto anayemwambia mwenzake kwamba hajala tangu jana, au kwamba anaogopa kurudi nyumbani.

Jambo linalomfurahisha zaidi mgeni ni jinsi anavyopokewa. Siku hiyo hiyo ya kwanza, watoto humkimbilia, humshika mikono na kumkalia mapajani. Yeye huona kwamba amependwa, na familia yake ng'ambo hutumiwa picha.

Wataalamu wa malezi huliona jambo hilo kwa jicho tofauti. Tangu daktari Mwingereza John Bowlby alipoliandikia Shirika la Afya Duniani (WHO) ripoti yake mwaka 1951, imefahamika kwamba mtoto mchanga huhitaji mlezi mmoja au wachache wasiobadilika. Mtoto anayemkumbatia kila mgeni anayepita huenda ni mtoto aliyekosa mtu wa kudumu. Mgeni wa majuma matatu akiondoka na mwingine akaingia, mtoto huachwa tena, na wakati mwingine huachwa hivyo mara kadhaa katika mwaka mmoja.

Ni vyema kukumbuka jinsi tulivyofika hapa. Ukimwi uliwaacha watoto wengi bila wazazi katika eneo hili kama kwingineko nchini. Kati ya 2006 na 2008, mapigano ya Mlima Elgon, katika eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Bungoma, yalizifukuza familia nyingi makwao. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na uwanja wa maonyesho wa Kitale ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani. Wahisani walijitokeza, na makao ya watoto yaliokoa maisha ya wengi. Hilo halina ubishi.

Lakini si kila mtoto aliye katika makao ni yatima. Ripoti ya shirika la Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba, duniani kote, angalau watoto wanne kati ya kila watano wanaoishi katika taasisi hizo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mara nyingi kilichowafikisha huko ni umaskini: karo, chakula, au mama aliyeachwa peke yake na mzigo wa malezi.

Hapa ndipo suala la fedha linapoingia. Mgeni wa kujitolea mara nyingi hulipa ada ya malazi na huacha mchango. Makao yanayotegemea michango hiyo huhitaji wageni, na wageni huvutwa na uwepo wa watoto. Mwenye makao asiye mwaminifu hatakuwa na haraka ya kumrudisha mtoto kwa nyanya yake, ijapokuwa nyanya huyo yuko tayari kumlea endapo atasaidiwa kulipa karo.

Serikali imeanza kubadilisha mwelekeo. Mnamo Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika familia, na mwaka huo huo Sheria mpya ya Watoto ikachukua nafasi ya ile ya 2001, ikitambua malezi ya jamaa na kafala miongoni mwa njia nyingine. Nao Umoja wa Mataifa, kupitia azimio la Baraza Kuu la Desemba 2019, ulitahadharisha kuhusu madhara ya utalii na kazi za kujitolea katika makao ya mayatima.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga Matthew Durham miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto katika makao ya hapa Kenya alikokwenda kujitolea. Mwaka 2021 Mmarekani mwingine, Gregory Dow, alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana katika makao aliyoyaanzisha Kaunti ya Bomet. Wote wawili walikuwa wamepokewa kama wafadhili wema.

Je, tuwafungie wageni milango? La. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wapo, kinachohitajika ni kuwachagulia jembe linalowafaa watoto.

Kwanza, mgeni aje na karatasi zake. Idhini ya kielektroniki ya kusafiri, iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, si kibali cha kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Aidha, aonyeshe cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa kwao, na asiachwe peke yake na mtoto faraghani.

Pili, majuma ya kwanza yawe ya kujifunza: Kiswahili, majina ya watoto, na ratiba ya walezi. Mama anayepika, kufua na kuwalaza watoto mwaka mzima ndiye nguzo yao. Mgeni amsaidie mama huyo. Asichukue nafasi yake kwa majuma matatu na kumwachia vilio vya usiku.

Tatu, atumie ujuzi alio nao. Mwuguzi na awafunze walezi huduma ya kwanza, na mhasibu anyoshe vitabu vya hesabu. Fundi ajenge tangi la maji ya mvua, maana Kitale haikosi mvua. Asiye na ujuzi anaweza kuchangia karo ya mtoto anayeishi na shangazi yake, jambo lisilohitaji picha.

Mwisho, wajibu mkubwa ni wetu. Ni sisi tunaofungua lango, na mara nyingi tunamfungulia mgeni bila kumwuliza yale ambayo tungemwuliza kijakazi tunayemwajiri nyumbani. Kwao, mgeni huyu haruhusiwi kuingia katika shule ya chekechea na kumpakata mtoto asiyemfahamu. Mtoto wa Kibomet anastahili ulinzi huo huo, na Idara ya Huduma za Watoto, machifu pamoja na wasimamizi wa makao ndio wa kuuhakikisha.