Ufundi wa Nyumbani: Sakafu ya Mashua Isipigiliwe Misumari

Mkulima wa Njoro au Subukia aliyewahi kung'oa nguzo ya ua iliyooza amekwisha kuliona jambo hili. Sehemu iliyozama sana udongoni huwa bado ngumu, na sehemu ya juu inayopigwa na jua na upepo ni ngumu vile vile, bali nguzo hukatika pale pale inapotokeza ardhini. Hapo mti hulowa na kukauka, hulowa tena na kukauka tena, na hewa haikosekani. Ndivyo zinavyooza mashua nyingi za zamani katika ziwa la Naivasha. Watu hudhani kwamba mashua huoza kwanza chini, ndani ya maji. Mara nyingi uharibifu huanza juu, katika sakafu ya pale nyuma anapoketi mshika usukani, mahali panaponyeshewa usiku na kuanikwa mchana.

Tena maji yenyewe ni ya namna nyingine. Maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni ya magadi, lakini Naivasha, kama Baringo, ni maji matamu. Mvuvi hufurahia jambo hilo, mbao hazilifurahii. Fundi wa Lamu anajua kwamba maji ya chumvi huhifadhi ubao, kwa maana kuvu iozeshayo miti haiipendi chumvi. Maji ya mvua hayana kinga hiyo, na tone moja likishapenya ukingoni mwa ubao hukaa humo majuma mengi.

Katika mashua nyingi za tanga za zamani, sakafu hiyo ya nyuma ilifanywa makusudi ya kuondolewa. Ni ubao mpana unaolala juu ya ukingo mwembamba na kushikwa kwa skurubu pande zote. Chini yake ni ngama, yaani nafasi ambamo maji yanayovuja hukusanyika, na humo pia mna mabomba na viungo ambavyo havionekani mpaka sakafu iinuliwe. Maji yanayoanguka juu ya sakafu hutoka yenyewe kwa matundu ya kando. Yanayopita katika ufa hushuka ngamani na kukaa.

Basi mwenye mashua akiona ngama inajaa, hushawishika kumaliza shida kwa siku moja: hupaka lami kila ufa, kisha huipigilia sakafu kwa misumari. Kwa mwezi mmoja mashua huonekana kavu kama ghala. Lakini ubao uliofungiwa hivyo ukiwa na unyevu huendelea kuoza gizani, misumari hufungua njia mpya za maji, na mtu hawezi tena kutazama chini. Hapo ndipo hatari ilipo. Debe moja la maji lina uzito wa kilo 20 hivi. Madebe kumi ngamani ni kilo 200, sawa na watu wazima watatu wasioketi mahali pamoja. Upepo wa alasiri, ambao wakazi wa Naivasha wanaujua vema, ukiilaza mashua upande mmoja, watu hao watatu hukimbilia upande uo huo. Aliyepata kubeba kichwani karai lililojaa nusu anafahamu maji hayo hufanya nini mtu akijikwaa. Mashua hupinduka, na walio ndani hawakujua kwamba walikuwa na mzigo.

Kazi iliyo sawa huanza wakati wa kiangazi, Januari au Februari, mashua ikiwa nchi kavu. Skurubu zitolewe kwa bisibisi, na gundi ya zamani ikatwe kwa kisu chembamba kuzunguka ukingo wote. Mtaimbo usitumiwe, maana ukingo ukivunjika kazi huwa mara mbili. Kisha sakafu igongwe polepole kwa mpini wa nyundo toka pembe hata pembe. Ubao mzima hujibu kwa sauti kali. Uliooza hujibu kama boga. Penye shaka na padungwe kwa ncha ya msumari.

Sakafu iliyo nzima ianikwe kivulini, hewa ikipita pande zote mbili, kwa sababu jua kali huipinda. Watu hukosea sana kwa kuharakisha hapa. Ubao ukaukao kwa nje huweza kuwa na maji moyoni, na rangi yo yote itakayopakwa juu yake itayafungia humo. Njia ya hakika ni kuupima kwenye mizani ileile ya magunia kila juma. Uzito unapoacha kupungua, ubao umekauka.

Ikiwa imeoza, ile ya zamani iwe kigezo cha kukatia mpya. Podo ni rahisi kupiga randa lakini huoza upesi penye unyevu. Mwerezi wa Mau hudumu, ila hupasuka usipotobolewa kwanza kwa keekee. Watu wengi hutumia plaiwudi, na hapo muuzaji asiaminiwe kwa maneno tu. Kipande kidogo kichemshwe sufuriani kwa saa chache. Matabaka yakiachana, plaiwudi hiyo ni ya kabati, haifai kwa mashua.

Maji huingia kwa kingo na kwa matundu ya skurubu kuliko kwa uso wa ubao. Kingo zipakwe gundi ya ipoksi mara tatu, kwani hunywa kama udongo mkavu. Kila tundu lipanuliwe, lijazwe ipoksi nzito, na likishakuwa gumu litobolewe upya, jembamba, ili skurubu iume ipoksi bila kugusa mti. Vipimo vya sehemu mbili za gundi hiyo vifuatwe kama vilivyoandikwa. Ichanganywe kidogo kidogo, kwani nyingi katika chombo kimoja hupata moto hata kutoa moshi, na mikono ivikwe glavu. Naivasha iko juu, karibu mita 1,890 toka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi na umande. Kwa hiyo kazi ianze jua likishapasha hewa na ikome kabla ya jioni. Gundi iliyopatwa na baridi hutoa utelezi kama mafuta, nao uoshwe kwa maji na kusuguliwa kwa msasa kabla ya kupaka tena. Mwisho ipakwe rangi, kwa maana jua huila ipoksi.

Sasa ni kuirudisha. Mafundi wa pwani huziba kwa kalafati, pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa katikati ya mbao. Hiyo hushika kwa sababu mbao za chini ya jahazi hukaa majini na kuvimba. Sakafu ya nyuma hushinda juani, na kalafati ingekauka na kutoka. Hapa hutakiwa kitu laini kama mpira. Upande wa chini wa sakafu na upakwe nta ukingoni, kisha silikoni imwagwe juu ya ukingo wa mashua kwa mstari usiokatika, nayo sakafu ilazwe juu yake bila kukazwa. Baada ya siku mbili silikoni huwa mpira wenye umbo la mahali pake, uliogandamana na mashua lakini haukugandamana na sakafu. Ndipo skurubu hukazwa kwa kupishana pande, kama nati za gurudumu la gari, kidogo kidogo. Gundi kali ya kudumu isitumiwe hapa kamwe, ijapo muuzaji ataisifu. Ni misumari ileile kwa jina jingine.

Kabla ya siku ya kukaza, magazeti ya zamani yatandazwe ngamani. Sakafu ikishafungwa, matundu ya kutolea maji yazibwe kwa vitambaa, na madebe mawili ya maji yamwagwe juu yakae saa nzima. Kisha maji yaondolewe, sakafu ikaushwe na kuinuliwa. Gazeti lenye doa litaonyesha mahali penye kosa. Magazeti mengine yawekwe humo mwezi wa Machi, na yatazamwe mvua za masika zikiisha.