Mlango wa Fundi Haujapitwa na Wakati

Mwandishi mmoja ametueleza gazetini kwamba kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu ni ufundi wa makumbusho, na kwamba mlango wa kiwandani unatosha. Amekosea, na kosa hilo lina gharama.

Ubao hucheza. Masika hunyonya unyevu ukatanuka kwa upana. Kiangazi hukauka ukasinyaa. Kwa urefu haubadiliki sana. Fundi stadi hulijua hilo, ndiyo maana paneli ya katikati huiweka ndani ya mfuo bila gundi, ipate nafasi ya kusogea. Ukiibana kwa misumari pande zote, hupasuka. Ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, unaotumika katika milango mingi ya kiwandani, nao ukiingiwa na maji huvimba na haurudi.

Tazama Mji Mkongwe wa Zanzibar, Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Milango mingi ya karne ya 19, yenye mfaa (nguzo ya katikati) na miimo ya kuchonga, ingali inafunguliwa na kufungwa katika upepo wa chumvi. Mlango upi wa kiwandani umetoa ushahidi huo?

Bei ya mlango wa fundi ni kubwa? Igawe kwa miaka. Wenye nyumba, wapeni mafundi kazi, nao wafundishe vijana. Ufundi usioagizwa hufa.