Sigara moja moja ndiyo inayotumaliza

Pale stendi ya Same, vibanda vingi vya pipi na vocha vina paketi ya sigara iliyofunguliwa na kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba. Kijana wa bodaboda anatoa sarafu, anachomoa moja, anaiwasha hapohapo. Ukimuuliza kama anavuta: "Hapana mwalimu, moja moja tu." Wengi wao niliwafundisha, na jibu hilo limenichosha.

Hiyo moja inaua. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi aliyonayo anayevuta ishirini. Nusu! Moshi kidogo tu unatosha kuumiza kuta za mishipa na kufanya damu igande upesi. Saratani ya mapafu ndiyo inayopanda kwa wingi wa sigara na urefu wa miaka. Tena kifua kikuu humpata mvutaji kwa urahisi zaidi, na wanaopelekwa hospitali ya Kibong'oto wanajua kinavyotesa.

Nimekulia Suji, juu ya Makanya. Wasabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, na kwao tumbaku ni marufuku. Hakuna mvulana wa huko aliyethubutu kukutwa na paketi mfukoni. Sasa sigara ya rejareja haina paketi. Kijana anashuka mjini, anavuta yake, anatafuna pipi ya mnanaa, anarudi nyumbani mama asijue lolote. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, lakini sijaona muuzaji anayeuliza umri kwa ajili ya sarafu moja. Na sisi Wapare tunaosemwa kwa ubahili hatuoni kwamba paketi ikiuzwa moja moja ndiyo inakuwa ghali zaidi!

Shemeji yangu aliacha sigara akiwa na miaka hamsini na kitu. Wiki za mwanzo nyumba nzima ilimkwepa kwa hasira zake, na chai ya asubuhi alikuwa anaisusa kwa sababu ilimkumbusha sigara. Leo tukipanda kutoka Makanya, mimi ndiye ninayeomba tupumzike. Nilimweleza habari za madaktari wa Uingereza ambao mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 50 kuanzia 1951: wavutaji walipoteza kama miaka 10 ya maisha, walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa 3, wenye 50 waliokoa 6, na wenye 30 waliokoa karibu yote. Akaniuliza, "Sasa hawa watoto wa bodaboda wanangoja nini?"

Wanangoja tuwaondolee kishawishi. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao unazitaka nchi zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja. Madiwani wetu wana uwezo wa kutunga sheria ndogo. Waanze na stendi. Wenye vibanda watalalamika, ni haki yao. Waendelee na vocha, maji na karanga. Na wakitaka kwenda mahakamani, basi, tangu lini Mpare akaogopa kesi?