Chanjo ya Giripe: Nani Atangulie Nyumbani?





Sisi walimu wa madrasa hapa Kizuka huulizwa mengi yasiyokuwemo katika ratiba ya darsa. Mojawapo ni hili: je, inafaa Muislamu kuchanjwa chanjo ya giripe, yaani homa ya mafua ya msimu? Wenye jamaa Ulaya husikia kwamba huko watu huingia farmasi na kuchanjwa kila mwaka kabla ya baridi. Na wanaonuia Hijja huambiwa kuwa Saudia inawashauri mahujaji wachanjwe chanjo hiyo, mbali na ile ya homa ya uti wa mgongo ambayo ni lazima.

Kwanza tufahamu kuwa giripe si mafua ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa maradhi ya kifua. Virusi vyake hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Na ile ya sindano haimpi mtu giripe, kwa kuwa haina virusi hai.

Pili, wapo wasemao kuchanjwa ni kupungukiwa na tawakkul. Hapana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipopata habari za tauni ya Sham, alirudi Madina na watu wake. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari Yake kuelekea kadari Yake nyingine. Nani miongoni mwetu ana tawakkul kumshinda Umar?

Tatu, suala la nguruwe. Sindano nyingi za giripe hazina jelatini ya nguruwe. Inayo ile ya kupuliziwa puani, wanayopewa watoto huko Uingereza, na mzazi asiyeiridhia anaweza kuomba sindano badala yake. Isitoshe, wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 walieleza kuwa kitu kilichogeuka kabisa asili yake hubadilika hukumu yake. Basi muulize mhudumu ni chanjo gani, kisha umuulize shekhe wako. Usikatae kwa uvumi wa sokoni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwetu chanjo hii haimo katika zile za watoto zinazotolewa bure vituoni. Anayeitaka huitafuta na kuilipia, na nyumba nyingi za wavuvi na wakulima wa mawese haziwezi kuwalipia watu wote. Na mara nyingi pesa ikipatikana, anayetangulia ni baba au kijana anayesafiri, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Sisi tunaona hivyo sivyo. Atangulie aliye dhaifu: mama mjamzito, maana kinga yake humfikia na mtoto aliye tumboni, ambaye akizaliwa hawezi kuchanjwa mpaka atimize miezi 6. Kisha bibi na babu, mwenye pumu, mwenye sukari, mwenye moyo. Na anayewauguza wagonjwa naye asisahauliwe. Huo ndio uadilifu ndani ya nyumba, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Anayekwenda Hijja aiweke gharama hii pamoja na nauli, na achanjwe angalau wiki 2 kabla ya safari, kwani kinga huhitaji muda huo kujengeka.

Jambo la mwisho: kabla ya kuuliza bei, uliza friji. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto letu la ziwani, umeme umekatika, huharibika na hali kwa macho huijui. Nenda kwa mhudumu aliyesomea kazi, kwenye duka lenye kibali. Sindano ya mpita njia mwenye mkoba tusiikubali hata akiitoa bure.

Na asiyeipata asivunjike moyo. Anawe mikono, afunike mdomo anapokohoa, na akiwa na homa aswali nyumbani. Kuwakinga wenzake msikitini nako ni ibada.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awape shifaa wagonjwa wetu na azihifadhi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.