Maarufu Akifa, Naye Ana Haki ya Kusitiriwa



Leo tuweke kando mishono na mapambo, tuzungumze jambo ambalo kila mwaka linatukuta na kila mwaka tunalikosea. Anakufa mtu maarufu, ghafla, jana tulimuona kwenye televisheni akicheka. Kabla maiti hajakoshwa simu zetu zimeshajaa. Picha, video, sababu, lawama. Na wengi wa tunaozijaza ni sisi wanawake, tusidanganyane.

Tuanze na sisi wenyewe. Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012 tulikuwa bado wanafunzi wa cherehani, tunajifunza kukata kola. Habari ikaingia kwamba Steven Kanumba amefariki usiku nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Mashine zote zikanyamaza. Mwenzetu mmoja alishona mkono wa gauni la mteja ndani nje, na mwalimu hakumgombeza kwa sababu na yeye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Hatujawahi kumuona kwa macho yetu. Lakini filamu zake zilikuwa kila nyumba. Mama zetu walimlilia kwenye filamu, wakamcheka, wakamtukana alipocheza mume mbaya. Kwa hivyo alipokufa, tuliona kama amekufa mtu wa nyumbani. Alizikwa Jumanne, tarehe 10, makaburi ya Kinondoni, baada ya kuagwa viwanja vya Leaders. Umati ule hatukuwahi kuuona kwa msanii. Watu walizimia, viongozi wa nchi walihudhuria, na huku visiwani tulikaa mbele ya televisheni kama tuko kwenye msiba wenyewe.

Huzuni ile hatuioni kuwa ni ujinga, na hatukubaliani na wanaosema kumlilia mtu usiyemjua ni upungufu wa akili. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba zake, na akawafahamisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi usitoe lisilomridhisha Mola. Na wale walioulizana wakati ule kama inafaa kumsikitikia asiyekuwa Muislamu, hukumu za kumuombea tuwaachie masheikh, lakini kuhusu heshima jibu lipo. Lilipita jeneza la Yahudi, Mtume akasimama. Alipoambiwa kuwa ni Yahudi, akauliza, kwani hiyo si nafsi?

Kwa hivyo machozi hayana tatizo. Tatizo letu ni kile tunachokifanya machozi yakishakauka, na hukauka upesi.

Jioni ya siku ile ile ya Jumamosi tulikuwa hatulii tena, tunapeleleza. Ilijulikana kwamba usiku ule alikuwa na msanii mwenzake, Elizabeth Michael, tunayemjua kwa jina la Lulu. Alikuwa msichana wa miaka 17 au 18, na umri wenyewe baadaye ukawa mjadala mahakamani. Polisi walimkamata. Sisi tulishamhukumu. Tulisema kamuua, tukasema mengine yasiyoandikika, tukamuingiza na mama yake. Hakuna katika sisi aliyekuwepo ndani ya chumba kile. Hakuna aliyesikia ushahidi. Tulikuwa na vikombe vya chai mkononi na kesi tumeshaimaliza.

Mahakama haikuwa na haraka kama yetu. Mwanzo alishitakiwa kwa kuua kwa kukusudia, baadaye shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na mwanzoni mwa mwaka 2013 akapata dhamana. Kesi ikasikilizwa, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka miwili. Kutoka siku ya kifo mpaka hukumu ilipita zaidi ya miaka mitano. Sisi tulitumia nusu saa. Na hukumu iliyotoka mahakamani haikuwa ile tuliyoitoa sisi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nani alirudi kuomba radhi kwa maneno yake? Sisi hatukurudi.

Mwaka ule ule wa 2012, tarehe 26 Novemba, akafariki kwa ajali ya gari Hussein Ramadhani Mkieti, Sharo Milionea, yule mchekeshaji wa Muheza. Alikuwa anakaribia kwao. Magazeti yaliripoti kwamba kuna waliofika pale mwanzo wakampora vitu vyake, mpaka nguo. Tuliposoma tulishika vichwa. Jamani, binadamu gani anamvua maiti nguo? Tuliwalaani watu wale kwa siku nyingi.

Lakini hebu tujiulize kwa haki. Aliyemvua maiti nguo barabarani na anayepokea picha ya maiti akaituma kwa watu thelathini, wamepishana wapi? Wa kwanza kachukua kitambaa. Wa pili kachukua sitara yenyewe. Yule akifa maskini wa kijijini, picha yake haina soko. Akifa maarufu, mwili wake unakuwa wa kila mwenye simu. Na tunaituma na alama za machozi, tunaandika "inasikitisha", kama kwamba neno hilo linatuhalalishia.

Sisi ni mafundi cherehani. Kazi yetu yote ni sitara. Mwanamke anapokuja kupimwa anatuonesha mwili ambao hata dada yake hajauona: kovu la operesheni, bega moja lililoshuka, tumbo la mimba ambayo bado haijatangazwa. Fundi anayetoka nje akasimulia vipimo vya watu hana maisha katika kazi hii. Na katika dini yetu yuko mwenye kazi nzito kuliko yetu, mama anayekosha maiti. Anafanya kazi ile chini ya shuka, anakosha bila kutazama anachoweza kuacha kukitazama, na akiona aibu yoyote inaishia pale pale. Tumefundishwa kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Tumefundishwa pia tusiwatukane waliokufa, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Hatukuambiwa isipokuwa wasanii, isipokuwa wanasiasa, isipokuwa wacheza mpira.

Sasa tuseme lililotufanya tuandike makala haya, ingawa linatuaibisha.

Miaka michache nyuma alifariki ghafla mtu aliyejulikana sana hapa kisiwani. Jina lake na kazi yake hatutaji, familia bado ipo. Asubuhi alikuwa mzima, jioni maiti. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, msimu wa harusi, karakana yetu imejaa watu kutoka asubuhi mpaka usiku. Kila aliyekuja kupimwa alikuja na lake. Huyu kasikia alikuwa kwa mwanamke mwengine. Huyu kasikia ni sumu. Huyu kamuona mjane hakulia hata tone, na kwa nini asilie? Mmoja wetu akachukua simu akarikodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili kumsimulia shoga yake, kila sentensi inaanza na "nasikia". Shoga akampelekea shoga.

Ilipopita miezi minne na siku kumi, yule mjane alitoka eda. Akaja kwetu na kitambaa, anataka gauni. Tulimpa pole, tukampima. Alipomaliza kuvaa baibui lake akatoa simu, akafungua ujumbe ule na akauacha uzungumze mpaka mwisho. Sauti ilikuwa imeshapita mikono mingi, lakini nyuma yake ilisikika cherehani yetu kubwa, ile yenye mlio wa kugonga. Akasema, "Nimeijua kwa mlio wa mashine yenu." Hakupiga kelele. Akatuambia aliyemletea ni mwanawe wa miaka kumi na mbili, aliyeupata kwa wenzake wa skuli, akamuuliza mama yake kama ni kweli.

Aliyerikodi alilia, akaomba radhi. Mjane akajibu kwamba la kwake yeye kasamehe, la mtoto hawezi kulisamehe kwa niaba yake. Gauni tulitaka kumshonea bure. Alikataa, akalipa bei kamili, na mpaka leo hajarudi tena.

Tunajua kuna watakaosema maarufu amejiweka wazi mwenyewe, ameishi kwa macho ya watu, basi asishangae. Hatukubali. Msanii alituuzia filamu, mwengine alituuzia sauti yake, mwengine mabao. Tulinunua hicho. Hakutuuzia maiti yake, wala machozi ya mama yake, wala eda ya mkewe. Mtoto wa maarufu akifiwa na baba anakuwa yatima kama yatima mwengine yeyote.

Wengine watasema, na kama ameuawa, tunyamaze? La. Mwenye ushahidi aende polisi, aende mahakamani, ashuhudie kwa jina lake. Mwandishi wa habari aulize maswali, ndiyo kazi yake. Lakini "nasikia" iliyotumwa kwenye kundi la harusi si ushahidi. Haimsaidii maiti kupata haki yake, na inaweza kumuangamiza aliye hai.

Na yapo wanayoyafanya wenye dini zaidi yetu, nayo tuyaseme. Akifa mwanamuziki ghafla, wako wanaokimbilia kutoa fatwa ya mwisho wake: kafa akiwa hivi, basi kaburini atakuwa vile. Turudi kwenye kifo cha Ibrahim. Siku ile jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume. Yeye ndiye mfiwa, na maneno yale yalikuwa ya kumtukuza. Angeweza kunyamaza. Akawasahihisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu. Ikiwa hata kwenye msiba wake mwenyewe hakuacha watu wakitungie kifo maana, sisi tunaojua kidogo tunapata wapi ujasiri huo?

Nyinyi mabiharusi mnaweza kujiuliza haya yanakuhusuni nini. Yanakuhusuni sana. Siku ya harusi yako utakaa ukumbi wa wanawake watupu, nywele wazi, umepambwa, mikono imejaa hina na piko. Hesabu simu zitakazoinuliwa. Huna haja ya kuwa msanii. Siku ukifa, na hakuna anayejua ni lini, picha ile ndiyo itakayozungushwa na maneno ya "Mungu amrehemu", na wataiona wanaume wasiokuwa maharimu wako, nawe huna uwezo tena wa kusema futeni.

Kwa hivyo tunakushaurini mambo matatu. Kwanza, katika kadi ya mwaliko andikeni wazi kwamba hakuna kupiga picha ukumbini, na muwekeni mama mmoja mkali mlangoni wa kusimamia. Mpiga picha awe mwanamke mnayemuamini, na mkubaliane kabla picha zitakaa wapi. Pili, mwambie dada yako au mama yako afungue vipi simu yako likitokea la kutokea, na afute nini. Andika wasia: madeni yako, amana za watu, na hilo la picha. Si uchuro, ni dini. Tatu, zungumza na mume wako mtarajiwa. Mmoja wenu akitangulia, nani atasema na watu, na kipi kisisemwe. Mume na mke ni nguo, kila mmoja kwa mwenzake, na nguo haiachi kazi yake siku ya msiba.

Karakanani kwetu tumeweka utaratibu tangu siku ile. Ikija habari ya kifo, awe waziri, muimbaji au jirani, tunasema Inna Lillahi, tunanyamaza kidogo, na simu zinaingia kwenye droo ya vifungo mpaka maziko yapite. Ikiwa mfiwa tunamfikia, tunampelekea ubani. Ikiwa hatumfikii, tunatoa sadaka kwa nia ya heri na tunaendelea na kazi. Kuna siku mteja ameudhika, akasema siku hizi kwetu hakuna stori. Ni kweli, msibani hakuna.

Si rahisi. Wiki ya mwanzo vidole vinawasha. Na bado hutokea mmoja wetu akaanza na "nasikia", na hapo mwenzake hakanyi kwa maneno. Anakanyaga tu pedeli ya ile mashine kubwa, ikagonga mara moja, na sote tunakumbuka.

Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wa Kiislamu, awape subira wafiwa wote, na atusitiri sisi na nyinyi, hai na maiti. Amin.